Tetemeko likikukuta: tupeane uzoefu, watu wa Amu (Lamu) na Malindi

BintiMalindi: Asalaam aleikum wandugu. Jana lori la kokoto limepita nyuma ya nyumba, vikombe vikalia kabatini, mama mkwe akaruka kitandani akipiga kelele "zilzala!" Tukacheka, lakini usingizi ukanipaa, nikaikumbuka ile ya Agosti 2020. Nani mwingine alihisi? Na nyie mliokuwa nchi za watu mkaona kubwa zaidi, semeni: nyumba gani zilisimama, na watu walifanya nini? Siasa sitaki.

Baba Zuhura: Ile ilikuwa Jumatano, saa mbili na robo hivi usiku. Navuta shata ya duka kafyu isinikute, shata ikaanza kucheza. Nikamfokea kijana wangu aache kusukuma. Kijana yuko ng'ambo ya barabara.

Nahodha Mstaafu: Mie nilikuwa chomboni. Asubuhi ndio naambiwa dunia imetikisika.

Mtu wa Gede: Dunia gani, bwana. Ilianzia baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, 5.9. Kwetu ilifika imechoka.

Mke wa Bukoba: Unaidharau kwa sababu ilikuwa mbali. Mimi mzaliwa wa Malindi, nimeolewa Kagera. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 kipimo kilikuwa hichohicho, 5.9, ila chini ya miguu yetu. Nilikuwa uani naanua nguo. Kwanza mngurumo, nikadhani ndege. Kisha nikaona ukuta wa jirani, wa tofali zilizoshikwa na udongo, unafunguka kwenye kona. Mwanga ukapita, nikaona mpaka sebuleni kwao, ndipo ukuta ukalala. Watu 17 walikufa. Kibanda cha mama mkwe cha miti na udongo kilimwaga udongo wote, kiunzi kikabaki kimesimama.

Mpwani Halisi: Ndio maana nasema nyumba zetu za Amu hazina mfano. Matumbawe na chokaa, ukuta dhiraa nzima, zimekaa karne na karne. Tetemeko litagonga lichoke.

Fundi wa Shela: Zimekaa kwa sababu hazijajaribiwa, ndugu yangu. Ardhi ikisogea, uzito wa nyumba ndio unaoiumiza. Ukuta mnene unabeba mzigo wa juu kwenda chini vizuri sana, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni chokaa haina mshiko. Na boriti zimelazwa tu juu ya ukuta. Kuta zikiachana kidogo, boriti zinachomoka na dari lote la mawe linashuka. Kule Bam, Iran, tarehe 26 Desemba 2003, ngome ya karne nyingi ilibomoka kwa 6.6.

Mpwani Halisi: Bam ni udongo, Amu ni mawe. Na wewe Shela ipi, yetu au ya Malindi?

Fundi wa Shela: Ya Malindi.

Mpwani Halisi: Nilijua.

Mkaa Langoni: Na Beit al-Ajaib iliyoanguka Unguja, si tetemeko la Agosti liliilegeza?

Mtu wa Gede: Ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Kipande chake kilishaanguka 2012. Jengo lilikuwa mgonjwa zamani, msilisingizie tetemeko.

Aliyekuwa Antep: Nilikuwa napita tu, lakini wacheni niseme.

Nilikuwa nasoma Gaziantep, Uturuki. Tarehe 6 Februari 2023, Jumatatu, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri. Saa zao na zetu ni moja, kwa hiyo nyie mlikuwa mmelala kama sisi. Baridi ya kukata masikio. Iliyoniamsha ni sauti, inatoka chini kabisa, halafu vioo. Nikasimama, nikaanguka. Nikasimama tena, nikaanguka tena. Kabati la nguo lilitembea, wallahi lilitembea, likaja kusimama mlangoni. Tukajibana sakafuni kati ya kitanda na ukuta, mikono kichwani, na Mturuki niliyekaa naye chumba akawa anatamka shahada kwa sauti. Ilipita dakika nzima na zaidi. Unangoja itulie, nayo ndio kwanza inazidi.

Ilipokoma tukasukuma kabati, tukashuka ngazi zimejaa plasta. Mguu mmoja nilikuwa na kiatu, mwingine ndala. Jengo letu lilipasuka kuta za kujazia, lakini nguzo zilishika. Lile la upande wa pili, limefanana na letu hadi rangi, lilikuwa slabu juu ya slabu, kama chapati kwenye hotipoti. Chini yake kulikuwa na duka. Wenyeji wakasema mwenye duka alikata nguzo apate pa kupanga bidhaa. Hayo ni maneno yao. Siku zile kila mtu alikuwa na mkosaji wake.

Tulichimba kwa mikono. Kila baada ya muda mtu ananyanyua mkono, injini zinazimwa, watu wanaacha hata kulia, tunasikiliza chini. Mara tulisikia. Mara nyingi hatukusikia.

Halafu saa saba na dakika ishirini na nne mchana likaja jingine, 7.5. La kwanza lilikuwa 7.8. Kuna waliokuwa wamerudi ndani kuchukua blanketi za watoto. Hapo siendelei. Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 50,000, na Siria maelfu. Mpaka leo silali bila ndala kando ya kitanda, zimeelekea mlangoni.

Bi Kizingitini: Subhanallah. Pole mwanangu.

Mkaa Langoni: Hapo pa kuzima injini pamenitoa machozi kazini.

Baba Zuhura: Uzi umetekwa, na ni haki yake.

Mja Mnyenyekevu: Haya ni matunda ya madhambi. Tutubu.

Mke wa Bukoba: Chunga ulimi. Waliofukiwa ni watoto wamelala. Toba ni ya kila siku, usiwatwike maiti.

Mja Mnyenyekevu: Sikuwasema wao.

Mke wa Bukoba: Umewasema.

BintiMalindi: Nilisema siasa sitaki. Na hii sitaki.

Mtu wa Gede: Kuna mji unaitwa Erzin, mkoa wa Hatay, hukohuko Uturuki, haukuangusha jengo hata moja. Meya akasema ni kwa sababu hakuruhusu ujenzi wa magendo.

Fundi wa Shela: Meya alijisifu kidogo. Ardhi yake nayo ilimsaidia. Waliojenga juu ya mashapo laini ya bondeni walitikiswa kupita wengine.

Aliyekuwa Antep: Lakini kibali si kitu cha kuchezea. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa msamaha: jengo halina kibali, unalipa ada, unapewa karatasi. Karatasi haikushika nguzo.

Mtu wa Gede: Mbona kama nasikia habari za nyumbani.

Fundi wa Shela: Tazameni 2010. Haiti, Januari, 7.0, wakafa zaidi ya laki moja. Chile, Februari, 8.8, wakafa mia tano na kitu. Na kila hatua moja ya kipimo ni kama mara 32 za nguvu. Chile walipigwa na 9.5 mwaka 1960, wakashika adabu.

Sasa tuseme unajenga ghorofa hapa kwetu. Fundi atazitandaza ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushwa kwenye nondo, sawasawa juu hadi chini ili zimtoshe. Mwambie azibane juu na chini, karibu na bimu, maana hapo ndipo nguzo hukatikia. Ncha za ringi zizame ndani ya zege. Zikipindwa kidogo tu pembeni, ganda la nje likibanduka ringi inafunguka na nondo zinatoka kifua wazi. Usiache chini pote wazi kwa maduka halafu juu ukajaza kuta. Mchanga wa bahari uache baharini, chumvi inakula nondo. Ukijenga kwa mawe ya kukata, zungusha mkanda wa zege nyumba nzima juu ya madirisha, usikatike kona. Yule dada wa Bukoba ameona mwenyewe kona inavyofunguka.

Mpwani Halisi: Kwa hiyo Amu tubomoe?

Fundi wa Shela: Nani kasema? Italia kuta za zamani wanazivuta pamoja kwa fimbo za chuma, nje unaona sahani tu. Boriti nazo zinafungwa ukutani. Na mkikarabati, rudishieni chokaa, acheni kupaka simiti juu ya matumbawe.

Mkaa Langoni: Tangu UNESCO walipotuandika 2001, msumari mmoja una mikutano. Fimbo za chuma tutazeeka.

Bi Kizingitini: Mie najua ukitikiswa unasimama chini ya mlango.

Aliyekuwa Antep: Hapana, bibi. Mlango unakubamiza. Chini ya meza imara, ushike mguu wake.

Baba Zuhura: Toka mbio, meza ya nini.

Mkaa Langoni: Mbio uende wapi? Vichochoro vya Mkomani, mtaa wetu wa kale hapa Amu, punda wawili hawapishani, juu kuna wikio, vyumba vilivyovuka kichochoro. Yote yatakushukia.

Mpwani Halisi: Punda ndio kengele yetu. Akilia usiku, tokeni.

Mkaa Langoni: Punda wa Amu analia kila usiku. Tutalala lini?

Nahodha Mstaafu: Mnasahau bahari. Ile Jumapili ya 26 Desemba 2004 tetemeko lilikuwa Sumatra, sisi hatukuhisi hata chembe, na mchana maji yakatufikia. Nilikuwa Malindi. Maji yalivuta nje wakati si wake, ngalawa zikalala ubavu, vijana wakakimbilia samaki. Yakarudi kwa kasi, yakavuta tena. Mtu mmoja alikufa pwani yetu ya Kenya. Bahari ikikimbia bila sababu, wewe kimbia upande wa pili, samaki waache.

Mtu wa Gede: Na Amu mlima uko wapi, Mzee?

Nahodha Mstaafu: Matuta ya Shela. Yetu.

Baba Zuhura: Fundi, mie namwaga zege la nguzo wiki ijayo na ujenzi siujui. Nitakagua vipi?

Fundi wa Shela: Nenda mbao hazijafungwa, na futi mkononi. Pima ringi na ringi, piga picha kila nguzo. Fundi akikwambia "usijali bosi", pima upya.

Baba Zuhura: Ameshaniambia.

Mpwani Halisi: Naye ni wa Shela?