Yule "mtaalamu" wetu katia mkono kwenye tangi langu la samaki wa baharini, mawe yote chini. NIMECHOKA NAYE!

Mwamba_wa_Mbezi:
Wakuu, leo hata salamu sina. Mods msiuhamishe huu uzi wala msiuunganishe na wowote.

Yule jamaa mnamjua, simtaji. Yule ambaye ukitupia picha ya tangi humu yeye ndiye wa kwanza kutoa kasoro, ana maneno ya kujaza bahari kuanzia Mtwara mpaka Lamu, na tangi lake mwenyewe hakuna binadamu aliyewahi kuliona. Jana jioni kapita kwangu na wageni wake, eti "tunaangalia tu". Nikamkaribisha, nikamwekea juisi. Akasimama mbele ya tangi, lita 1,100, akatazama weee, halafu AKATIA MKONO.

Hakuomba. Hakunawa. Mkono una losheni, una saa, una bangili ya shaba. Shaba ni sumu, wakuu, kwenye maji yenye kamba na matumbawe! Akashika jiwe la juu la tao la mawe nililojenga humo, akalivuta, eti "tulisogeze kidogo lipendeze". Tao likashuka. Nilivyosikia kioo kinagongwa kwa ndani nikajua ndiyo basi, tani nzima ya maji sebuleni. Kioo kimenusurika. Acropora yangu ya bluu, lile tumbawe la matawi, imekuwa vipande vipande. Na yeye, mkono unamchuruzika maji kwenye zulia la mke wangu, kawageukia wageni: "Bora tu. Lilikuwa kama kifusi."

KIFUSI!

Yale mawe nimeyapanga miezi na miezi. Kwanza makavu, ndani ya boksi lenye vipimo vya tangi. Nikayatoboa, nikapitisha nondo za faiba, nikaziba kwa gundi ya epoksi. Ya chini yamekaa kwenye kioo chenyewe, siyo juu ya mchanga, maana nina kamba mchimbaji na gobi wake, samaki mdogo anayeishi naye shimoni, na huyo kamba akianza kazi anachimbua msingi wowote uliokaa juu ya mchanga. Nyuma nimeacha nafasi mkondo upite, uchafu usilale. Mbele sumaku ya kusafishia kioo inateleza bila kugusa kitu. Visiwa viwili, bonde katikati, mapango ya samaki wangu kangaja kulala. Lile jiwe la juu tu ndilo sikulitia gundi, kwa sababu tao likipangwa vizuri linajifunga kwa uzito wake.

Halafu mtu anatia mkono! Mbele ya mke wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulipenda hilo tangi. Mchanga wa chini umetibuka, nyumba nzima ilinuka mayai viza. Usiku nimepima amonia, ile sumu ya samaki, imeanza kupanda. Na kikombe cha juisi kamaliza.

Pweza_Mweusi:
Nimewahi siti ya mbele. Pole mkuu, ila picha iko wapi? Uzi wa mawe bila picha tutajuaje kama siyo kifusi kweli?

Binti_Kigamboni:
Huyo huyo! Alikuja kwangu akaniambia kangaja wangu "ana msongo wa mawazo". Hakutia mkono majini, aliutia kwenye sahani ya sambusa, hakubakisha hata moja.

Fundi_Kioo:
Ngojeni kwanza. Jiwe la juu la tao HALINA GUNDI, na mtu anashangaa limeanguka? Hilo hata konokono akilipanda linashuka. Supaglu ya jeli, epoksi katikati, supaglu tena, bandika. Kazi ya dakika chache.

Mwamba_wa_Mbezi:
Mkuu, konokono hana mkono! Hujasoma uzi. Mtu mzima, mwenye akili zake, ALITIA MKONO.

Kaka_Tanga:
Bangili ya kuingia na kutoka haiui kamba. Shaba ya kuogopa ni ya dawa, au chuma cha shaba kinachokaa majini muda mrefu. Losheni ndiyo itakusumbua, skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, itavurugika. Weka kaboni ya kuchujia maji, badilisha maji kiasi. Na vipande vya Acropora usitupe! Bandika juu ya mawe, vikishika unapata matumbawe mengine.

Mjomba_Kilifi:
Nyie mnaagiza mawe kutoka nje kwa kilo, wakati huku kwetu tunajengea nyumba mawe ya matumbawe ya machimboni. Mji Mkongwe wa Zanzibar wote ni hayo hayo, mpaka leo umesimama.

Fundi_Kioo:
Mji Mkongwe haukai ndani ya maji, Mjomba. Tunataka jiwe jepesi lenye matundu mengi, bakteria wapate pa kukaa. Na asitokee mtu hapa akaenda kung'oa mwamba baharini. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Mjomba_Kilifi:
Nani kataja kung'oa? Soma kwanza ndiyo ujibu.

Mama_Kaa:
Afadhali nyie mawe yameanguka tu. Mimi nimeuziwa jiwe hai, yaani jiwe la baharini lenye viumbe wake, na muuzaji mnayemjua, limekuja na aiptasia, vile viumbe waharibifu wenye minyiri inayochoma. Ukiikwangua, kila kipande kinachobaki kinaota. Sasa hivi zimejaa mpaka kwenye bomba la pampu.

Kaka_Tanga:
Tafuta kamba wa pepaminti, wanazila. Wengine lakini wanakataa, usinilaumu.

Lita_Elfu:
Mnagombania mawe wenzenu tuko gizani. Umeme umekatika tangu saa kumi, pampu zimezima, nakoroga maji kwa jagi samaki wapate hewa. Mkono unakufa ganzi.

Pweza_Mweusi:
Mwite yule jamaa, anapenda kutia mkono.

Mwamba_wa_Mbezi:
Jamani, mada ni KIFUSI. Aliniambia kifusi, nyumbani kwangu!

Fundi_Kioo:
Lita_Elfu, nunua pampu ya hewa ya betri, acha jagi.

Binti_Kigamboni:
Mama_Kaa, muuzaji gani huyo? Yule anayejibu "mzigo uko njiani" mwezi mzima?

Mama_Kaa:
Huyo huyo.

Binti_Kigamboni:
Basi ana pesa yangu ya skima. Naanzisha uzi wake sasa hivi, njooni huko.