Kuhamisha kesi ya jinai kwa kushuku hakimu anaegemea upande mmoja (Kenya): utaratibu ukoje?

mshika_faili ameuliza:

Habari zenu wana jukwaa. Kesi iko mbele ya hakimu, shtaka ni wizi wa mtumishi, mshtakiwa yuko nje kwa bondi na hana wakili. Mashahidi wanne wa upande wa mashtaka wameshatoa ushahidi, wamebaki wawili. Malalamiko ni matatu: hakimu amekataa kuahirisha kesi mara mbili; watu wanasema anafahamiana na mlalamishi; na shahidi wa nne alipokuwa akihojiwa, hakimu alimwambia mshtakiwa mbele ya wote kwamba anapoteza muda kwa sababu "inajulikana pesa zilienda wapi". Barua iandikwe kwa Jaji Mkuu, kwa Tume ya Huduma za Mahakama, au Mahakama Kuu? Na je, kesi inasimama barua ikishaingia?

wino_mweusi amejibu:

Barua kwa Jaji Mkuu haihamishi faili. Tume hupokea malalamiko kuhusu mwenendo wa mahakimu (Kifungu cha 172 cha Katiba), lakini hiyo ni njia ya nidhamu: inamhusu hakimu, haigusi kesi. Anayehamisha ni Mahakama Kuu, chini ya kifungu cha 81 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75.

Kifungu hicho kinataka ombi rasmi linaloungwa mkono na hati ya kiapo. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake ndiye anayeweza kuomba bila kiapo. Mshtakiwa anapoomba, lazima ampe Mkurugenzi notisi ya maandishi pamoja na nakala ya sababu zake, na ombi haliwezi kuamuliwa kabla ya saa 24 kupita tangu notisi itolewe. Hapa ndipo wasio na mawakili hukwama: wanawasilisha karatasi kwenye masjala, wanasahau kuipelekea ofisi ya mashtaka, siku ya kusikizwa jaji anauliza uthibitisho wa kupokewa, hakuna, tarehe inasogezwa. Pata muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ujue pia kwamba Mahakama Kuu inaweza kumtaka mwombaji atie saini bondi ya kulipa gharama za upande wa mashtaka iwapo hatimaye atapatikana na hatia.

Sasa malalamiko yenyewe. Kukataliwa kuahirisha kesi si upendeleo. Ni uamuzi, na ukiwa mbaya dawa yake ni rufaa. Kunyimwa dhamana, pingamizi kutupwa, hata kuambiwa una kesi ya kujibu, vyote viko kapu hilohilo. Ukivijaza kwenye kiapo unalidhoofisha lile moja lenye uzito. "Watu wanasema wanafahamiana" usiliguse kabisa isipokuwa una mtu aliyeona kitu na yuko tayari kuapa yeye mwenyewe. Kufahamiana tu katika mji mdogo hakutoshi. Tafuta undugu, biashara ya pamoja, kukutana faraghani kuhusu kesi.

Lile la tatu ndilo ombi lako lote. Kipimo ambacho mahakama zetu zimekuwa zikikirudia tangu John Brown Shilenje dhidi ya Jamhuri (ombi la mwaka 1980) ni kwamba mwombaji aoneshe wazi hofu ya kuridhisha kuwa hatapata haki. Hofu iliyo kichwani mwake tu haitoshi. Lazima iwe na matukio yanayoweza kumtia mtu mwingine mwenye akili timamu hofu hiyohiyo. Hakimu anayetamka pesa zilienda wapi kabla ya utetezi kusikizwa anakaribia sana mstari huo.

Kwa hiyo aya ya kiapo isisomeke "hakimu ananichukia na ameshaamua kunifunga." Isomeke hivi: "Tarehe fulani, nikimhoji shahidi wa nne kuhusu daftari la stoo, hakimu aliniambia maneno yafuatayo…" kisha maneno yenyewe, neno kwa neno, kisha nani alikuwepo. Omba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi (rekodi ya yaliyosemwa kortini) uiambatishe. Mara nyingi matamshi ya aina hii hayamo kwenye kumbukumbu, maana anayeandika ni hakimu huyohuyo. Yakikosekana, mtu mwingine aliyekuwa kortini aape hati yake mwenyewe. Bila hilo jaji anabaki na neno la mshtakiwa dhidi ya rekodi, na rekodi hushinda.

Na usiombe kupelekwa kwa hakimu fulani kwa jina. Omba "mahakama nyingine yenye mamlaka". Ukichagua hakimu, jaji ataona unajitafutia wa kukupendelea.

benchi_la_nyuma amejibu:

Naongezea kwa aliyotangulia kusema wino_mweusi: kwanza mwombe hakimu mwenyewe ajiondoe. Kifungu cha 81 hakikulazimishi, ila Mahakama Kuu ikikuta hukuwahi kulisema jambo hilo pale lilipotokea, swali la kwanza litakuwa kwa nini ulinyamaza. Ombi la kujiondoa hufanywa katika korti ya wazi, upande wa mashtaka ukiwepo. Usimwandikie hakimu barua ya pembeni wala kumfuata ofisini, hiyo itakugeukia wewe. Akikataa, sababu zake zinaingia kwenye rekodi, na unapanda nazo juu.

Usishangae akikataa. Katika kesi ya Jasbir Singh Rai mwaka 2013, Mahakama ya Juu (iliyo juu kuliko zote nchini) ililizungumzia hili la kujiondoa, na humo kuna hoja ya wajibu wa jaji kuketi na kusikiza alichopangiwa. Kila mtu akiweza kumwondoa hakimu kwa kumshuku tu, hakuna kesi itakayoisha.

Kuhusu kusimama: kuwasilisha ombi hakusimamishi chochote. Ndani ya ombi lilelile uombe amri ya kusimamisha kesi kwa muda, uweke na hati ya dharura (ya kutaka ombi lisikizwe haraka) kama tarehe ya kusikizwa iko karibu. Mpaka upate amri hiyo mkononi, mshtakiwa aende kortini kila tarehe aliyopewa. Akikosa, hati ya kumkamata inatolewa na bondi iko hatarini, na mbele ya jaji ataonekana anakimbia kesi.

mshika_faili amejibu:

Asanteni sana wakubwa. Swali moja lililobaki: wale mashahidi wanne waliokwisha kutoa ushahidi, wanaanza upya?

kifungu_200 amejibu:

Si lazima. Kifungu cha 200 cha Sura ileile ya 75 kinamruhusu hakimu anayepokea kesi kuendelea na ushahidi ulioandikwa na aliyemtangulia. Lakini mshtakiwa ana haki ya kudai shahidi yeyote aitwe tena na asikizwe upya, na hakimu mpya ana wajibu wa kumjulisha haki hiyo. Asipomjulisha, hoja nzuri ya rufaa imezaliwa. Jibu lake lazima liandikwe kwenye rekodi, hivyo mshtakiwa aje na msimamo tayari.

Msimamo gani? Hapo mtu apime kwa kichwa baridi. Shahidi aliyejichanganya alipohojiwa akirudishwa anakuja akiwa amejipanga, na yale majibu yake mabaya ndiyo yaliyokuwa faida ya mshtakiwa. Kwa upande mwingine, hakimu mpya anayesoma karatasi tu hakumwona shahidi akitokwa jasho. Njia ya kati inaruhusiwa: taja shahidi mmoja au wawili unaowataka, waliobaki wasomwe kutoka kwenye rekodi. Katika kesi hii ningemlenga shahidi wa nne, kwa kuwa mahojiano yake ndiyo yaliyokatizwa.

Jambo moja la makarani ambalo husahaulika: vielelezo. Faili hufika mahakama mpya, lakini daftari la stoo na risiti hubaki kwenye kabati la vielelezo kule kulikotoka. Siku ya kwanza ya kutajwa, mwombe hakimu mpya athibitishe kwamba kila kielelezo kilichopewa nambari kimepokelewa, na iandikwe.

wino_mweusi amejibu:

Sahihi. Na kama kesi hii ingekuwa mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, kifungu cha 81 kisingefaa kitu, maana kinahusu mahakama za chini tu. Huko unamwomba jaji mwenyewe ajiondoe.