Mjadala: Je, orodha ya uhakiki inatosha kumwondoa mtumishi kazini?

Ndugu wachangiaji, naleta mezani swali ambalo Tanzania haijalimaliza tangu mwaka 2017, na ambalo linazidi kutukaribia kadiri maamuzi ya ajira yanavyozidi kuegemea mifumo ya kompyuta. Mwajiri akishakusanya taarifa za watumishi wake, akazilinganisha na kumbukumbu za mamlaka husika na kupata orodha ya majina yenye kasoro, je, orodha hiyo ndiyo uamuzi wenyewe, au ndipo kazi ya kuamua inapoanzia? Msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga ajue anapinga nini: orodha ni sababu halali ya kufungua shauri la mtumishi, lakini haina uwezo wa kulifunga.

Kwa ambao hawakuwa kazini wakati ule, mambo yalikwenda hivi. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Utumishi, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti uliofanywa kwa kushirikiana na Baraza la Mitihani. Watumishi waliohakikiwa walikuwa 400,035. Kati yao 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, vyeti 1,538 vilikutwa vikitumiwa na mtu zaidi ya mmoja, na watumishi 11,596 walikuwa na vyeti pungufu. Rais aliagiza wale 9,932 waondolewe mara moja, na atakayeendelea kubaki kazini baada ya tarehe 15 Mei afikishwe mahakamani. Waliodai kuonewa walielekezwa kukata rufaa, wakiwa tayari wako nje na mshahara umekatwa.

Wanaotetea utaratibu ule wana hoja nzito, nami sitazipuuza. Wanasema kwamba cheti cha kughushi hakihitaji mjadala, kwa sababu namba ya mtihani ama imo katika kumbukumbu za Baraza au haimo. Wanaongeza kwamba kuwasikiliza watu karibu elfu kumi mmoja mmoja kungechukua miaka, mishahara ikiendelea kulipwa na wenye hatia wakipata muda wa kutafuta nyaraka nyingine za kughushi. Wapo pia wanaouliza, na ni swali la haki kabisa, nani yuko tayari kuchomwa sindano na mtu aliyeingia wodini kwa cheti cha mwenzake wakati kamati ikiendelea kupanga vikao.

Hoja ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi. Namba ya mtahiniwa huonyesha namba ya shule, namba yake ndani ya shule hiyo, na mwaka wa mtihani. Karani wa masijala akiandika S0374 badala ya S0347, mtumishi amehamishiwa shule ambayo hajawahi kuikanyaga, na mfumo utajibu kwa uaminifu kabisa kwamba jina hilo halimo. Yupo aliyefanya mtihani kwa jina la baba na kuajiriwa kwa jina la mume. Yupo aliyebadili dini, akabadili na jina, na hati ya kiapo akaiacha nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwomba. Yupo aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na sasa ana vyeti viwili vya miaka tofauti. Hakuna kati yao aliyeghushi chochote, lakini ukimlinganisha na kanzidata kwa namba na jina peke yake, anaonekana sawasawa na mwizi.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu, bila kudai kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tukichukua kwamba uhakiki ule ulikosea kwa mtu mmoja katika kila elfu moja ya wenye vyeti halali, kiwango ambacho ofisi nyingi zingejivunia, basi katika watu wapatao 377,000 wenye vyeti halali wangeingizwa kimakosa watu 377 hivi. Hao hawafiki asilimia nne ya orodha ya 9,932, na kwa hiyo mtetezi wa orodha anaweza kusema kwa ukweli kwamba zaidi ya asilimia 96 ni sahihi. Mimi sibishani na asilimia hiyo. Ninachosema ni kwamba haimwambii Afisa Utumishi kama mtu aliyesimama mbele ya meza yake, barua mkononi, ni wa kundi kubwa au wa dogo. Jibu hilo halimo katika orodha. Limo katika jalada la mtu huyo na katika maelezo yake.

Na hapa ndipo sakata la watumishi wa darasa la saba linapoonyesha jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kujadiliwa kuliko vyeti feki vyenyewe. Katika wimbi lile la uhakiki waliondolewa pia watumishi wasio na elimu ya kidato cha nne, wengi wao wakiwa madereva, walinzi, wahudumu wa ofisi na watu wa kada kama hizo. Mwaka 2018 Serikali ikatangaza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, yaani kabla sharti la kidato cha nne halijaanza kutumika, warudishwe kazini. Angalieni kilichokosekana ni nini. Hakikuwa taarifa ya siri, wala hakikuhitaji Baraza la Mitihani. Ilikuwa tarehe ya kuajiriwa, iliyoandikwa katika barua ya ajira, iliyomo ndani ya jalada binafsi, lililomo katika kabati la mwajiri yuleyule aliyetia saini ya kumwondoa. Taarifa zilikusanywa kwa wingi na kwa gharama, ila zilijibu swali la kama mtu ana cheti, ilhali swali lililopaswa kuamuliwa lilikuwa kama alitakiwa kuwa nacho siku anaajiriwa.

Hoja ya muda na gharama naichukulia kwa uzito zaidi, lakini inadhani kwamba kulikuwa na njia mbili tu, kufukuza au kusubiri. Sheria ilikuwa na ya tatu. Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2003 zilimruhusu mwajiri kumsimamisha mtumishi anayetuhumiwa huku akilipwa si chini ya nusu mshahara, akapewa hati ya mashtaka, akajibu kwa maandishi, na uchunguzi ukafanyika kabla ya uamuzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kikamilifu. Muuguzi mwenye cheti cha mashaka angetoka wodini siku hiyohiyo, kama watetezi wanavyotaka, bila kuhitimishwa hatima yake. Tena wengi wasingekuwa na la kujibu na mashauri yao yangekwisha kwa haraka. Kazi ya kamati ingebaki kwa wale wachache wenye barua, viapo na namba zilizokosewa.

Mwelekeo huo, kwa kweli, Serikali yenyewe iliutumia kwa kiasi fulani. Wale wa vyeti vyenye zaidi ya mmiliki mmoja walizuiliwa mishahara hadi mwenye cheti ajulikane, na wenye vyeti pungufu walipewa muda wa kuviwasilisha. Kwa hiyo uwezo wa kutofautisha mashaka na uthibitisho ulikuwepo. Ila haukufika kwa kundi lililoandikiwa adhabu kubwa kuliko yote. (Siwezi kupita bila kukumbusha kwamba wakuu wa wilaya, wakuu wa mikoa na mawaziri hawakuhakikiwa, kwa maelezo kwamba nafasi zao ni za kisiasa. Hilo ni mjadala wake, na naomba tusiuingize hapa ukatumaliza.)

Suala la mafao nalo linaonyesha jinsi uamuzi uliotolewa kwa siku moja unavyoweza kuacha mambo ya msingi yakining'inia. Ilichukua hadi mwaka 2022 ndipo Serikali ikakubali kwamba walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango ambayo wao wenyewe walikuwa wamekatwa kwenye mishahara kwenda mifuko ya hifadhi ya jamii. Mtu angeweza kuuliza Aprili 2017, kabla ya kutoa agizo, fedha hizo ni za nani.

Naomba wanaoona kwamba orodha inatosha wanijibu jambo moja mahususi. Dereva aliyeajiriwa mwaka 1998 kwa elimu ya darasa la saba, akaondolewa 2017 na kurudishwa 2018: katika ofisi yenu, nani angekuwa na jukumu la kufungua jalada lake na kusoma tarehe ya ajira kabla barua ya kumwondoa haijachapwa, na je, kazi hiyo imeandikwa katika mwongozo wowote mnaoutumia leo?