Naombeni ushauri: nina vitabu vitatu kuhusu NSA, mke wangu anataka vitoke ndani ya nyumba

Mzaramo_Laurel: Wakuu, habari za muda huu. Nisiwachoshe. Naishi Laurel, Maryland, huu ni mwaka wa 11. Nina vitabu vitatu vya mwandishi wa habari za uchunguzi anaitwa James Bamford: The Puzzle Palace cha 1982, Body of Secrets cha 2001 na The Shadow Factory cha 2008. Vyote vinaeleza jinsi serikali ya Marekani kupitia shirika lake la NSA inavyonasa simu na mawasiliano ya watu, wakiwemo raia wake wenyewe. Nimevipigia mistari na pembeni nimeandika maoni yangu kwa Kiswahili. Mama watoto anasema hataki kuviona ikifika Alhamisi. Swali langu: kuwa navyo ni kosa kisheria? Na nikiamua kuvitupa, nivichane kwanza au nivitupe vizima? Matusi sitaki.

Mshamba_Mjini: Vichane ufungie vitumbua.

Bibi_Kitabu: Mwanangu, vitabu vinauzwa madukani, kosa litoke wapi? Nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote, na hicho cha 1982 nakifahamu vizuri. Bamford alitumia sheria ya kuomba nyaraka za serikali. Wizara ya Sheria ikampa karatasi za uchunguzi uliofanywa kuhusu NSA yenyewe. Serikali ikabadilika, akaingia Reagan, wakarudi kusema zile karatasi sasa ni siri tena, azirudishe. Akagoma. Walimtishia sheria ya ujasusi na mwisho hawakumfikisha mahakamani. Sasa sikia kituko: kilipotoka cha 2001, shirika lilelile likamkaribisha kwao akasaini nakala za wafanyakazi. Wewe unataka kuvichana, wenyewe walipanga foleni.

Mama_Nasra: Mimi sijui NSA. Najua mwanamke hasemi "toa kitu hiki" bure bure. Mume wangu wa kwanza alikuwa na begi moja juu ya kabati, nikamwambia toa, akasema ni nyaraka za kazi. Siku nimelifungua nimekuta kadi ya kliniki ya mtoto nisiyemjua. Msikilize mkeo.

Mzaramo_Laurel: Dada yangu, hivi ni vitabu tu.

Mama_Nasra: Hata lile lilikuwa begi tu.

Mpemba_Muscat: Vitabu vya huyu bwana nimevisoma hapa Muscat usiku wa zamu. Utamu wake ni jinsi alivyokuwa akizipata habari. NSA wakati huo haisemwi, watu wanatania kuwa ni shirika lisilokuwepo, na yeye hana mtu wa ndani wa kumnong'oneza. Akakuta wana jarida lao la ndani, na ndani yake limeandikwa kuwa ni kwa ajili ya wafanyakazi na familia zao. Akawaambia: mke na mtoto hawana kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, kama wao wanasoma basi na mimi nina haki. Akapewa furushi zima. Neno moja, familia, ndilo lililowaangusha.

Otieno_SouthB: Mimi hicho cha 2008 kilinitoa machozi, walai. 7 Agosti 1998 nilikuwa natembea kuelekea Haile Selassie Avenue nikasikia mlio wa kwanza, watu wakakimbilia madirishani kuchungulia, halafu ule mkubwa. Wengi walipoteza macho kwa sababu ya kuchungulia tu. Sasa kitabuni nikasoma kwamba baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, wapelelezi walipata namba ya simu ya nyumba moja Yemen, jijini Sana'a, ambayo watu wa bin Laden walikuwa wakipitishia ujumbe. NSA wakaisikiliza miaka. Mwaka 2000 mmoja wa wale walioteka ndege za Septemba 11 yuko San Diego, anapiga simu nyumba hiyohiyo kwa sababu mke wake yuko pale. Simu zinanaswa. Hakuna aliyewaambia FBI kwamba mpigaji yuko ndani ya Marekani. Halafu dawa yao ikawa kusikiliza kila mtu. Watu wetu zaidi ya 200 walikufa ndipo ile namba ikapatikana, bana, na wakaikalia.

Mshamba_Mjini: Pole kaka Otieno. Mleta uzi, mbona husemi Alhamisi kuna nini?

Wakili_Kando: Ushauri wa kisheria: shitaki. Bamford mwenyewe alikuwa mmoja wa walioishtaki NSA mwaka 2006 kwa kusikiliza simu bila kibali cha mahakama. Jaji wa Detroit akawapa ushindi mwezi Agosti. Mwaka 2007 rufaa ikaufuta, kwa sababu hawawezi kuthibitisha kuwa wao ndio waliosikilizwa. Na uthibitisho ni siri ya serikali. Kamba imejifunga yenyewe.

Mzaramo_Laurel: Mkuu, nimshtaki nani? Mimi nauliza kuhusu vitabu.

Bibi_Kitabu: Alhamisi kuna nini, mwanangu?

Mzaramo_Laurel: Shikamoo Bibi. Nina usaili. Kuna kampuni ina zabuni ya serikali, inatafuta watafsiri wa Kiswahili. Kazi inataka kibali cha usalama. Raia nimeshakuwa tangu 2019, hilo halina tatizo. Ofisi iko karibu na Fort Meade, jirani kabisa na makao makuu ya NSA. Ndiyo maana mke ana wasiwasi.

Mshamba_Mjini: Subiri. Umesoma vitabu vitatu vya kuwachamba, umepiga mistari, halafu unaenda kuwaomba kazi?

Mzaramo_Laurel: Mkuu, nina rehani ya nyumba na watoto watatu. Kusoma si kuchukia. Na nimeshavitoa, viko kwenye buti ya gari tangu Jumapili, navipeleka kwa binamu Baltimore.

Bibi_Kitabu: Marahaba. Kama umeshavitoa, ushauri uliotaka ni upi? Sikiliza. Mwanangu wa kiume alijaza fomu ya kibali hicho mezani jikoni kwangu, wiki mbili. Haikumuuliza anasoma nini. Ilimuuliza ndugu. Baba, mama, kaka, dada, walio hai na waliokufa, nani yuko nje, nani anafanyia kazi serikali ya nje. Uliwaandika wote?

Mzaramo_Laurel: Karibu wote.

Mpemba_Muscat: Lahaula.

Bibi_Kitabu: Nani hayumo?

Mzaramo_Laurel: Mdogo wangu wa mwisho. Yuko Dodoma, serikalini. Idara yenyewe sitaitaja humu, mtanielewa. Lakini hatuongei tangu msiba wa mzee, ulitokea ugomvi wa shamba. Mtu usiyeongea naye anakuwaje ndugu wa kuandikwa? Sijadanganya, nimeacha nafasi tu. Na fomu nimeshasaini.

Wakili_Kando: Kuacha kwa makusudi kwenye fomu ile ni uongo, na uongo ule ndio kosa la jinai. Vitabu havikufungi. Alhamisi sentensi yako ya kwanza iwe: "Kuna ndugu nilimsahau, naomba kurekebisha."

Mzaramo_Laurel: Wataniuliza kwa nini. Watanifunga mashine ya kupima uongo. Bora nikae kimya, Dodoma ni mbali.

Otieno_SouthB: Umesoma vitabu vitatu kuhusu masikio ya hawa watu na bado unasema Dodoma ni mbali?

Mchimba_Kaburi: Wakuu, nawaangalia tu mnavyohangaika. Hii ni chai, tena ya rangi. Nimefukua nyuzi zake za zamani. Tarehe 14 Machi mwaka huu akaunti hii iliuliza bei ya tairi ya nyuma ya bodaboda, Kahama mjini. Laurel ipi hiyo yenye bodaboda?

Mshamba_Mjini: 😂😂😂 Leta sukari.

Kimya_Kingi: Au si chai, ni mtego. Mtu anaanzisha uzi wa usalama, watu wanajitaja wako wapi, nani ana mtoto mwenye kibali. Bibi, umeshatuambia habari za mwanao bila kuulizwa.

Bibi_Kitabu: Mwanangu amestaafu, na jina lake hamlijui.

Mzaramo_Laurel: Si chai. Akaunti hii tunaitumia wawili. Ile ya tairi aliandika mdogo wangu, ana pikipiki yake ya biashara Kahama.

Mchimba_Kaburi: Mdogo yupi?

Mchimba_Kaburi: Yule wa Dodoma? Hamuongei tangu msiba lakini mna nywila moja?

Mama_Nasra: Niliwaambia habari ya begi.

Otieno_SouthB: Na nyinyi mlikuwa mnawaogopa NSA. Huyu kafukuliwa na mtu yuko kitandani na simu.

Mpemba_Muscat: Familia. Nilisema.

Mzaramo_Laurel: Viongozi wa jukwaa, naomba uzi huu ufutwe. Nimepata ushauri wa kutosha, asanteni.

Wakili_Kando: Urekebishe fomu.

Mshamba_Mjini: Kabla hawajafuta: hicho cha 1982 kama bado kipo kwenye buti, unauzaje? Nina shemeji Silver Spring anaweza kupitia.

Mzaramo_Laurel: Njoo inboksi.