Naomba ushauri: mtoto wa dada yangu ana homa ya uti wa mgongo

Habari zenu wapendwa. Mtoto wa dada yangu, wa miezi minane, amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Ilianza kama homa tu. Kilichotushtua ni utosi kuvimba, na kila akibebwa analia zaidi badala ya kunyamaza. Walipompima maji ya uti wa mgongo wakakuta bakteria wa nyumokokasi. Sasa yuko kwenye dripu ya antibayotiki.

Najua tangu chanjo za Hib (bakteria mwingine anayeleta ugonjwa huu) na nyumokokasi zienee ugonjwa huu umepungua sana, ila walio chini ya mwaka mmoja bado wako hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema takriban mgonjwa 1 kati ya 6 hufariki na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa. Hao wa pili ndio wanaoninyima usingizi, maana uziwi ni mojawapo.

Mliouguza watoto hivi, walipimwa masikio lini baada ya kuruhusiwa? Dalili gani mliziona nyumbani baadaye? Na watoto wengine wa nyumbani waliolala naye, wanahitaji dawa ya kinga au chanjo zao zinatosha? Madaktari mliomo humu, tafadhali sana tusaidieni.