Nyanya zimeiva zote kwa pamoja: nizihifadhi vipi zisiharibike?

Mtunza Bustani

Ndugu zangu, salaam. Msimu huu nilipanda miche thelathini ya nyanya nyuma ya nyumba, ya zile aina fupi ambazo matunda yake huiva karibu yote ndani ya wiki mbili au tatu, na sasa navuna kuliko tunavyoweza kula. Hadi jana jioni nilikuwa na kilo 42 jikoni, na kwenye miche bado zipo zinazogeuka rangi. Majirani nimewagawia hadi wameanza kunikwepa. Zilizo chini ya ndoo zimeanza kulainika kwa uzito wa zilizo juu, na kadhaa zimepasuka.

Mwaka jana nilizihifadhi kwa njia niliyoikuta nyumbani: nilikaanga vitunguu maji na vitunguu saumu kwa mafuta, nikamimina nyanya zilizosagwa, nikachemsha hadi zikawa nzito, kisha nikajaza chupa zikiwa bado za moto, nikafunga vifuniko na kuzisimamisha kichwa chini hadi zilipopoa. Kati ya chupa kumi na nne, tatu zilivimba vifuniko baada ya miezi miwili, na moja nilipoifungua ilitoa povu lililonimwagikia hadi kiwikoni. Zilizobaki tulizila bila kudhurika, lakini sikuwa na amani nazo hata kidogo. Naomba kujua ile njia ilikuwa na kasoro gani, hizi za sasa nianze nazo wapi, na kama ipo namna ya kuhifadhi isiyonidai kukesha jikoni. Nina friza ndogo, oveni, na sufuria kubwa ya lita 20.

Msindikaji

Kabla hujawasha moto, mwaga ndoo zote juu ya meza uzichambue, kwa sababu nyanya za hali tofauti haziwezi kupewa kazi moja. Zilizoiva na bado imara ndizo za chupa. Zilizolainika au kupasuka leo leo, lakini ni safi na hazinuki, zipikwe au zigandishwe kabla hujalala. Zenye ukungu zitupwe nzima. Usikate sehemu iliyooza ukatumia iliyobaki, kwani nyanya ina maji mengi na ukungu hupenya ndani kuliko jicho linavyoona, tena hupunguza uchachu ambao, kama nitakavyoeleza, ndio ngao yako. Zilizoanza kugeuka rangi zitandaze safu moja mahali penye kivuli, kwenye nyuzijoto kati ya 13 na 21, nazo zitaiva zenyewe kwa zamu, jambo litakalokupunguzia msongamano. Ukitaka chache ziwahi, zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, maana ndizi hutoa gesi ya ethilini inayochochea kuiva. Usizipeleke kwenye jokofu kabla hazijaiva, kwani baridi kali huzifanya zipoteze ladha na kuwa za unga unga. Usizianike juani pia: joto likizidi nyuzi 30 hivi, ile rangi nyekundu hushindwa kujijenga na tunda hubaki la manjano.

Sasa nije kwenye chupa zako za mwaka jana. Watu wengi huamini kwamba nyanya ni chachu kiasi cha kujilinda yenyewe, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mpaka wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi). Chini ya hapo, mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum haziwezi kuchipua na kutengeneza sumu. Juu ya hapo zinaweza, hasa ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa. Nyanya hukaa palepale mpakani, nyingine chini kidogo na nyingine juu kidogo, kutegemea aina yake na jinsi ilivyoiva. Ukiongeza vitunguu, ambavyo havina uchachu wa kutosha, unausogeza mchanganyiko wote upande wa hatari. Kugeuza chupa kichwa chini hakusaidii, kwa sababu joto la kitu kilichomiminwa linashuka tangu kinapotoka sufuriani, na kifuniko kinaweza kunasa bila ya kilichomo kuwa kimesafika. Zile tatu zilizovimba, kwa maoni yangu, zilikufanyia hisani, kwani zilijitangaza. Sumu ya botulinum inaweza kuwamo katika chupa isiyovimba, isiyonuka na isiyobadilika rangi.

Dawa yake ni nyepesi. Katika kila chupa ya lita moja weka vijiko viwili vya chakula vya juisi ya limau ya chupani, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Kwa chupa ya nusu lita weka nusu ya vipimo hivyo. Nasema ya chupani kwa sababu uchachu wake ni uleule siku zote, ilhali malimau yenyewe hutofautiana. Ukiona ladha imekuwa kali mno, sukari kidogo itaituliza bila kuharibu kinga. Vitunguu na mafuta viache hadi siku utakayofungua chupa kupika.

Namna ya kupika ndiyo inayoamua kama utapata kitu kizito au maji mekundu. Nyanya ikikatwa, vimeng'enya vilivyomo huanza mara moja kuivunja pektini inayoshikilia uzito wake. Ponda mbili uziache kwenye bakuli, na baada ya muda mfupi utaona maji yamejitenga na nyama. Kwa hiyo menya kwanza: chora msalaba mdogo kitakoni, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi, na ganda litavuka lenyewe. Kata robo chache tu, zitie kwenye sufuria ambayo tayari ina moto mkali, ziponde kwa mwiko hadi zichemke kwa nguvu, ndipo uongeze nyingine kidogo kidogo, kila zinazoingia zikutane na zinazochemka. Joto hilo la ghafla huviua vimeng'enya kabla havijafanya kazi yake. Zote zikishaingia, chemsha dakika tano, jaza chupa za moto ukiacha nafasi ya sentimita moja na robo juu, futa midomo, funga, kisha zisimamishe kwenye sufuria yako kubwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, maji yazifunike kwa sentimita tatu hivi. Hesabu muda kuanzia maji yanapochemka sawasawa: dakika 35 kwa nusu lita, 45 kwa lita moja. Ukiishi juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari ongeza dakika tano, juu ya mita 900 ongeza kumi, na juu ya mita 1,800 ongeza kumi na tano, kwani huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kilo moja na nusu ya nyanya hutoa takribani lita moja.

Bibi wa Mekoni

Mwanangu Msindikaji, nimekusoma hadi mwisho na sipingi hesabu zako, ila sipendi njia ya wazee isomwe kana kwamba ilikuwa uzembe. Mimi nimegeuza chupa kichwa chini kwa zaidi ya miaka arobaini na hakuna aliyeumwa kwangu. Lakini ukweli usemwe wote: chupa zetu hazikumaliza miezi miwili, na hakuna aliyekula kilichotoka ndani ya chupa bila kukirudisha motoni kikachemka tena vya kutosha.

Mtunza Bustani, mimi nakuongezea mawili ya mpishi. Usipike nyanya muda mrefu kwenye sufuria ya alumini isiyopakwa kitu, kwa sababu uchachu wake hula ile madini, na chakula hupata ladha ya chuma. Tumia chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli. La pili, hizo zilizolainika zitengenezee rojo zito. Nyanya ni maji kwa takribani asilimia 95, hivyo kilo sita zitakuachia kama kilo moja tu, nayo inaingia kwenye friza yako ndogo bila ugomvi. Balaa la rojo ni kushika chini, na ukishasikia harufu ya kuungua hakuna kinachoiokoa sufuria hiyo. Chuja mbegu na maganda, punguza maji jikoni hadi nusu, kisha mimina kwenye sinia pana uliingize kwenye oveni ya nyuzi 150, ukilikoroga kila baada ya nusu saa kwa kuvuta kingo kuelekea katikati, kwa sababu kingo ndizo hukauka kwanza. Likiwa tayari, mwiko ukipita katikati huacha njia isiyojifunika. Ligandishe kwenye vyombo vya kutengenezea barafu, na kila kipande kitakuwa kipimo cha chungu kimoja.

Msindikaji

Shikamoo, Bibi. Nakubali, na umegusa jambo ambalo huenda ndilo lililowalinda: sumu yenyewe huharibika ikichemshwa kwa dakika kumi, ingawa mbegu za yule bakteria hazifi kwa maji yanayochemka tu. Hata hivyo, chupa iliyovimba au kuvuja isichemshwe kwa matumaini, wala isionjwe hata kwa ncha ya ulimi.

Mvivu wa Jiko

Umeuliza njia isiyodai kukesha. Osha, ondoa kikonyo, futa maji, panga nyanya nzima kwenye sinia, gandisha, na zikishakuwa ngumu kama mawe zihamishie kwenye mifuko. Hakuna kumenya: siku ya kupika ipitishe nyanya iliyoganda chini ya maji ya bomba, nayo itavua ganda mkononi mwako. Hazitafaa kuliwa mbichi, kwa sababu barafu huzipasua seli zake na zikiyeyuka hulegea kabisa, lakini kwa mchuzi hutatambua tofauti.

Mkaushaji

Kwa kuwa friza ni ndogo, kilo kadhaa zikaushe. Chagua zenye nyama nyingi na mbegu chache, kata vipande vya milimita sita hadi nane, panga kwenye wavu bila kugusana na uweke kwenye oveni ya nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Muda hautabiriki, kwangu vipande vyembamba huchukua saa nane na vinene hupita usiku. Ukitumia jua, unahitaji siku kadhaa mfululizo zenye joto la nyuzi 30 au zaidi na hewa kavu, na kila jioni uingize ndani, la sivyo umande utarudisha ulichokausha mchana.

Kosa nililolifanya mwaka wa kwanza ni kuweka akiba siku ileile. Vipande havikauki sawasawa, na vichache vyenye unyevu viliotesha ukungu mtungi mzima. Siku hizi najaza mtungi theluthi mbili tu, naufunga, na kuutikisa kila siku kwa wiki nzima. Nikiona hata tone la ukungu wa maji kwenye kioo, vyote vinarudi kwenye oveni. Usivitumbukize kwenye mafuta pamoja na vitunguu saumu na kuviacha kabatini, maana mafuta huondoa hewa na tunarudi kwenye hatari ileile aliyoieleza Msindikaji. Mchanganyiko huo ukae kwenye jokofu, uliwe ndani ya siku nne.

Mtunza Bustani

Nawashukuru nyote, shikamoo, Bibi. Kuchambua peke yake kumenifungua macho: nilipata kilo 19 imara, 8 laini, 12 zisizoiva bado, na 3 nikazifukia kwenye lundo la mboji. Zile imara zimejaa chupa kumi na mbili za lita moja. Sufuria ilipokea nne kwa mkupuo, kwa hiyo nilichemsha mara tatu na rojo lililosubiri nikaliacha juu ya moto mdogo lisipoe. Zile laini zimekuwa sinia moja ya rojo, na kingo zake ziliungua kidogo kwa sababu nilipitiwa na usingizi.

Asubuhi nimezikagua chupa zote. Kumi na moja vifuniko vimebonyea katikati, lakini kimoja nikikigusa kwa kidole kinabofyeka na kurudi juu kwa sauti. Imepita saa kumi na mbili tangu niitoe motoni. Je, niitupe?

Msindikaji

Usiitupe, ila usiirudishe kabatini kama ilivyo. Kabla saa 24 hazijatimia unaweza kuifungua, kukagua mdomo kama una ufa au mbegu iliyonasa, kubadilisha kifuniko, kuchemsha upya kilichomo na kuirudia dakika zote 45. Kwa chupa moja, mimi nisingejisumbua: iweke kwenye jokofu na muimalize ndani ya siku tano. Zile kumi na moja ziandike tarehe, zifute nje, kisha ondoa pete za vifuniko, yaani zile za nje za kukazia, kabla ya kuzipanga mahali pakavu penye giza, kwani pete huweza kukiegemeza kifuniko kilichoachia ukadhani bado kimenasa.