Ukuta wa tofali, zege au jipsamu: mnautambuaje kabla ya kufunga hita ya maji?

BintiTegeta: Wakuu, nimehamia nyumba ya kupanga na nataka kufunga hita ya lita 50 bafuni. Ukuta una plasta na rangi, ndani sijui kuna nini. Kuna anayesema nigonge nisikilize, mwingine sumaku, mwingine nitoboe. Ipi ya kuaminika?

Kijana_Ilala: Gonga tu dada. Ukilia kama ngoma ni jipsamu, ukinyamaza ni tofali.

FundiMakini: Kugonga kunatenganisha jipsamu na tofali, basi. Hakukuambii kama tofali limejaa au lina matundu ndani, maana plasta inaficha. Na hita si picha: maji peke yake ni kilo 50, tangi bado.

Mimi naamini vumbi. Chagua sehemu itakayofichwa na hita, mbali na mabomba, wala usitoboe juu au chini ya swichi na soketi kwa sababu nyaya hupita humo. Tumia biti ya milimita 5, taratibu, na ukinge vumbi kwa karatasi nyeupe. Sentimita moja au mbili za mwanzo ni plasta, usizihesabu. Baada ya hapo, vumbi la kijivu lenye mchanga ni tofali la saruji, jekundu ni la kuchoma. Biti ikigoma kabisa, umekutana na zege la nguzo au la lenta, yaani boriti inayopita juu ya milango na madirisha. Ikizama ghafla, tofali lina matundu, na fisha ya kawaida, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani, itazunguka bure humo.

Mkazi_Shangani: Huku kwetu Mji Mkongwe vumbi linadanganya. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, vumbi jeupe, mgeni atadhani jipsamu. Hapo kugonga ndiko kunakosaidia: ukuta mnene wa nusu mita haulii hata kidogo. Biti inapita jiwe, mara inaangukia chokaa laini. Bolti ya kutanuka ukiikaza sana inaipasua chokaa. Kitu kizito tunakiweka kwenye stendi ya chuma inayokanyaga sakafu.

MamaZuu: Sumaku nayo ina kazi yake kwenye jipsamu. Inanasa vichwa vya skrubu, unajua fremu ilipo, kwa kawaida kila sentimita 40 au 60. Hapo runinga inakaa. Hita, hapana.

BintiTegeta: Asanteni sana. Nimetoboa: vumbi la kijivu, kisha biti ikazama. Upande wa pili ni stoo yangu mwenyewe.

FundiMakini: Basi una bahati. Pitisha bolti ukuta mzima, upande wa stoo weka bamba refu la chuma linaloshika matofali kadhaa, kisha juu yake weka washa (kile kipete bapa cha chuma) na nati. Kaza mpaka ishike, usiendelee, tofali la matundu linabonyea. Mwenye nyumba umeshamwambia?

BintiTegeta: Nampigia sasa hivi.